Fedha ya Kibindoni: Sarafu na Safari katika Masisi na Walikale

Msafiri anayeondoka Goma kwenda kulala kijijini, ama juu ya milima ya Masisi, ama ng'ambo yake katika misitu ya Walikale, huwauliza wenyeji wake achukue fedha kiasi gani. Nao, kabla ya kumjibu, aghalabu humrudishia swali jingine, nalo ni fedha za namna gani alizo nazo. Mgeni asiyeijua nchi huweza kudhani kwamba wanamkwepa, au wanaona haya kutaja hesabu mbele ya mtu watakayempokea kama ndugu, ilhali wamemjibu kwa ukamilifu kuliko alivyouliza. Maana katika milima ile wingi wa fedha haukuwa, tangu zama ambazo kumbukumbu inazifikia, jambo la kwanza la kufikiriwa. La kwanza lilikuwa kujua kama fedha hiyo itapokewa nyuma ya kilima kinachofuata.

Natutazame hesabu moja ya siku hizi kabla ya kurudi nyuma. Mwaka 2024 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa faranga za Kongo 2800 hivi, basi mwenye dola 100 alistahili faranga 280,000. Akilipwa kwa noti za faranga 20,000, ambazo tangu zilipotolewa mwaka 2012 ndizo kubwa kuliko zote, ni karatasi 14 tu, na mfuko wa shati unazitosha. Akilipwa kwa noti za 500 ni karatasi 560, bunda ambalo halifichiki hata chini ya koti la mvua. Mtu wa mjini atachagua zile 14 bila ya kufikiri mara mbili. Lakini mama aliyeketi kando ya njia huko Nyabiondo, mwenye mafungu sita ya ndizi juu ya jani la mgomba, hata auze mafungu yote sita na jani juu yake, hapati baki ya kumrudishia mwenye noti ya 20,000. Wala jirani yake hana, wala mwenye kibanda cha sabuni na chumvi. Na noti ile itazungushwa soko zima mkononi mwa mtoto, kila mtu akiitazama na kutikisa kichwa, hata irudi kwa mwenyewe kama ilivyotoka, na sasa soko zima linajua kuwa yumo miongoni mwao mtu mwenye noti kubwa. Kwa hiyo wenyeji humwambia mgeni achukue zile 560, azigawe mafungu, fungu moja mfukoni, la pili katika soksi, la tatu ndani ya mkoba baina ya nguo, na asithubutu kufungua fungu la pili mbele ya aliyeliona la kwanza.

Na dola nayo ina sheria zake, kali na za ajabu. Wabadilishaji fedha wa Goma, wanaoketi barabarani na vibunda vya noti mezani, huishika dola kama tabibu anavyoushika mkono wa mgonjwa: huipindua, huinua mwangani, huipapasa kingo, huisoma mwaka wake, na ikiwa na mpasuko wa upana wa ukucha, au doa la wino, au umri mkubwa, huirudisha kwa upole, "Papa, hii haitembei." Faranga, kinyume chake, hutembea ingawa imechakaa mpaka haisomeki, imegundishwa kwa utepe, inanuka samaki na moshi. Ndipo ukaona katika mfuko mmoja fedha mbili, moja ya kigeni inayohifadhiwa baina ya kurasa za kitabu isipate kunjo, na moja ya nchi inayofinyangwa kama tambara. Na mtu wa kijijini, ambaye nyumba yake huvuja na ambaye fedha yake hulala katika fundo la kitenge, hana mahali pa kuihifadhi ile ya kwanza hata akiipata.

Desturi hii ya kuiuliza fedha jinsi yake kabla ya idadi yake haikuanza na dola. Kabla ya karatasi, na kabla ya madini yaliyopigwa mhuri wa mfalme, fedha ya nchi hii ilisukwa. Kando ya ziwa Kivu iliitwa butega, na Wanyanga wa Walikale wakaiita butea: pete za nyuzi za mimea, zilizopindwa na kusukwa kwa mkono, zikavaliwa mkononi na mguuni, na zilipotakiwa kwa biashara zikavuliwa. Mafundi wake waliosifika walikuwa Watembo, ambao makazi yao yako kwenye mabega ya milima baina ya ziwa na msitu mkubwa, katika nchi ambazo leo zimegawanyika baina ya Kalehe, Masisi na Walikale. Kutoka kwao pete hizo zilishuka mpaka ufukweni, zikavuka kwa mitumbwi kwenda kisiwa cha Idjwi, na kutoka Idjwi zikaingia Rwanda, ambako wanawake walizivaa miguuni kwa uzuri na kwa heshima. Na kwa njia ile ile zilirudi mbuzi, majembe, maharage, hata ng'ombe.

Inafaa kuitafakari fedha ya namna hii pasipo kiburi cha watu wa karatasi. Haikuwa na mfalme aliyeitoa wala hazina iliyoidhamini. Dhamana yake ilikuwa kazi iliyomo ndani yake, kwa kuwa kila pete ilikuwa na saa kadhaa za vidole vya mtu, na kila aliyeipokea alizijua saa zile kwa kuzitazama. Mwizi hakuweza kuichukua bila ya kumshika mguu mwenyewe. Wala haikuwezekana kuilimbikiza daima, maana nyuzi huliwa na wadudu na unyevu, kwa hiyo mwenye nyingi alilazimika kuzigeuza mbuzi, na mbuzi kuwageuza mahari, na mahari kuigeuza ukoo. Wanyanga wameihifadhi kumbukumbu ya fedha na bahati katika masimulizi yao makuu, yale wayaitayo karisi. Simulizi la Mwindo lilitolewa mwaka 1956 kinywani mwa bingwa wake, Candi Rureke, likaandikwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, likachapishwa mwaka 1969. Na humo shujaa Mwindo, katika kumtafuta baba yake aliyemkimbia, hucheza na Sheburungu mchezo wa kubahatisha uitwao wiki, akashindwa mali yake na watu wake mpaka hana kitu, isipokuwa usinga wake wa nguvu uitwao conga. Auwekapo usinga ule ndipo bahati inapogeuka, akarejesha kila kilichopotea. Watu waliotunga kisa hicho walijua vizuri sana kufika ugenini mkono mtupu kulivyo.

Kisha zikaja bidhaa za pwani, nazo zilikuja vichwani mwa watu. Mwezi wa Desemba mwaka 1893 afisa wa Kijerumani, Gustav Adolf von Götzen, aliondoka Pangani na mamia ya wapagazi; mwaka uliofuata akapita Rwanda, akapanda Nyiragongo, kisha akaingia misitu iliyo magharibi ya ziwa Kivu hata akautokea mto Kongo. Mtu wa safari kama ile, alipojiuliza achukue fedha kiasi gani, hakuwa akiuliza habari ya mfuko. Aliuliza habari ya watu wangapi. Mpagazi mmoja hubeba kama frasila mbili, yaani ratili 70 au kilo 32 hivi; na mzigo wake ulikuwa majora ya merikani na kaniki, yakikatwa doti kwa doti kununulia chakula, au mifuko ya shanga, au waya wa shaba nyeupe na nyekundu. Na huyo mpagazi naye hula kila siku, na chakula chake hununuliwa kwa nguo iliyo kichwani mwa mwenziwe, basi fedha ilikuwa ikijila yenyewe njiani. Safari ikizidi urefu mizigo hupungua, na aliyekosea hesabu humaliza nguo kabla ya kumaliza njia. Hata kosa la jinsi lilikuwa baya kuliko kosa la idadi. Shanga nyekundu zilizoitwa samesame ziliweza kupendwa katika nchi moja na kukataliwa katika nchi iliyo mwendo wa siku chache tu, ambako watu walitaka nyeupe au za rangi ya samawi, na mwenye mifuko 20 ya rangi isiyotakiwa alikuwa maskini mwenye mizigo mingi. Anayerudishiwa dola yake Goma kwa sababu ya mpasuko wa upana wa ukucha amesimama mahali pale pale alipokuwa amesimama yule mwenye samesame.

Haistahili kuandika habari za doti na shanga bila ya kusema nini kilichonunuliwa kwazo. Waungwana na Waarabu waliokuwa wamefanya makao yao makuu Nyangwe na Kasongo, katika Manyema, walitafuta pembe na watu; na lugha hii ninayoiandika iliingia kusini na magharibi ya misitu hii pamoja na bunduki zao, kabla ya kuwa lugha ya soko, ya kanisa na ya shule. Vita vya mwaka 1892 hata 1894 viliuvunja utawala wao, vikauweka mahali pake utawala wa Mfalme Leopold, ambaye kwenye mto mkubwa watumishi wake walilipa kwa mitako, vipande vya waya wa shaba vilivyokatwa kwa kipimo. Na mpira uliodaiwa kwa nguvu ulilipiwa vipande hivyo, au haukulipiwa kitu.

Serikali ya Ubelgiji, ilipokwisha kuitwaa Kongo mwaka 1908, iliweka Banki ya Kongo ya Kibelgiji mwaka 1909, na kuanzia mwaka 1910 ikaamuru kodi ya kichwa ilipwe kwa fedha. Jambo la kodi lilibadili kila kitu, na naomba msomaji alitazame vizuri. Butega ilikuwa ikizunguka: mtu aliisuka, akainunulia, ikamrudia kwa mlango mwingine. Faranga ya kodi haikuzunguka. Iliingia kijijini mara moja kwa mwaka kwa jasho la mtu aliyekwenda kulima barabara, au kwenye mashamba ya walowezi, au kwenye machimbo ya mawe ya bati, kisha ikatoka kijijini kwa mkono wa karani, na baina ya kuingia na kutoka haikulala hata msimu mmoja. Wazee waliizoea fedha kama mtu anavyomzoea mpitaji. Sarafu ndogo za nikeli, za santimu 5, 10 na 20, zilikuwa na tundu katikati na nyota kulizunguka, zikatungika katika uzi kama shanga. Na mwaka 1943, Ubelgiji yenyewe ikiwa mikononi mwa Wajerumani, sarafu ya faranga 2 ilipigwa Philadelphia, Marekani, ya shaba, yenye pembe sita, na sura ya ndovu upande mmoja. Ni shaba ile ile ya waya wa wapagazi, ila safari hii ilivuka bahari ikiwa na ndovu juu yake, badala ya kuvuka bahari ili kumtafuta ndovu.

Katika miaka hiyo ardhi ya Masisi nayo iligeuzwa jinsi yake. Halmashauri ya Taifa ya Kivu, iliyoundwa mwaka 1928, ilipewa mamlaka juu ya ardhi kubwa ya kuwagawia walowezi. Na kuanzia mwaka 1937 mpaka 1955 serikali ikahamishia huko maelfu ya familia kutoka Rwanda, kwa sababu Rwanda ilisongamana na mashamba yalitaka mikono. Kwa Wahunde, wenyeji wa Masisi, ardhi ilikuwa ya mwami, mtawala wao, na aliyeomba mahali pa kulima alitoa mutulo, mbuzi au pombe au mazao, si kwa kununua bali kwa kukiri kwamba amepokewa. Mlowezi alilipa faranga ofisini akapewa hati. Mtu mmoja alikuwa na kumbukumbu ya mbuzi, wa pili alikuwa na karatasi yenye mhuri, na wa tatu aliletwa na serikali bila ya kuulizwa kama ametoa hiki au kile. Na mizozo iliyotokana na malipo haya ya jinsi tatu haijalipwa mpaka leo.

Baada ya uhuru, Juni 1967, serikali ya Mobutu ilitoa zaire, iliyobadilishwa kwa faranga 1000 za zamani na iliyolingana na dola 2. Na zaire iligawanywa makuta 100. Kwa muda wa miaka michache mtu aliyekwenda Masisi aliweza kuchukua noti moja na kula wiki nzima, na neno makuta likakaa katika vinywa vya Wakongo kwa maana ya fedha yoyote, likaishi kuliko sarafu yenyewe. Milima iliyo juu ya mita 2000 ilikuwa na nyasi mwaka mzima, ng'ombe walinenepa, jibini ambalo mapadri na walowezi wa Kibelgiji waliwafundisha watu kulifanya lilishushwa Goma, na kutoka huko likapelekwa Kinshasa kwa ndege, magurudumu ya manjano ambayo hata leo, barabara ikipitika, hupangwa kwenye mbao za vibanda vya jibini huko juu, yakigeuzwa kila siku kwa mkono yasipate kuvu upande mmoja.

Halafu ikaja Noeli ya mwaka 1979. Siku ile ya sikukuu ilitangazwa kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 zimefutwa, mipaka ikafungwa, na watu wakapewa siku chache tu za kuzipeleka zikabadilishwe, tena kwa kiasi kilichowekewa mpaka. Serikali ilikuwa na hoja zake, za ughali na za fedha nyingi zilizokuwa nje ya benki na nje ya nchi. Lakini fikiri habari hiyo inavyopanda kutoka Goma. Kutoka mjini mpaka Sake ni kilomita 25 hivi. Kutoka Sake barabara inapanda, na mwezi wa Desemba ni wa matope. Mpaka Masisi yenyewe ni kama kilomita 80, na huko nyuma yake Walikale, wilaya ya kilomita za mraba 23,000 na zaidi, ambayo vijiji vyake vingi havikuwa na njia ila ile ya miguu. Soko ni mara moja kwa juma. Redio ni ya padri, au ya mwalimu, ikiwa betri hazijaisha. Aliyeuza ng'ombe mwezi wa Novemba ili alipe ada ya shule mwezi wa Januari, akafunga noti zake katika jani kavu la mgomba na kuzitia baina ya mafito ya paa, alisikia habari siku ya soko, akatembea siku mbili, akafika penye benki au penye foleni ya benki, na muda umekwisha. Alirudi na karatasi zile zile. Hakuibiwa na mtu aliyemwona uso, wala hakufanya kosa la kutajika. Alitofautiana na mtu wa mjini kwa umbali tu. Methali ya kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka hunenwa kwa kumshauri mtu awe na silaha karibu. Hapa silaha ilikuwa karibu, mkononi mwa mwenyewe, na ni aliye mbali aliyeivunja.

Tangu mwaka ule, nadhani, ndipo mtu wa mlimani alipoazimu katika moyo wake kwamba noti ni kitu cha kupita nacho, si kitu cha kulala nacho, na yaliyofuata hayakumpa sababu ya kugeuza azimio. Januari 1993 ilitolewa noti ya zaire 5,000,000. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi akasema si halali, wafanyabiashara wakaikataa, askari waliolipwa mishahara kwa noti hiyo wakafanya ghasia mjini Kinshasa, na damu ikamwagika. Oktoba ya mwaka huo huo ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Na tarehe 30 Juni 1998 ikaja faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Ukizizidisha hesabu hizo mbili utaona kwamba faranga moja ya mwaka 1998 ilikuwa na zaire bilioni 300 za zamani ndani yake, nasi tumekwisha kuona faranga hiyo ilivyokuwa mbele ya dola mwaka 2024. Hakuna jora la merikani lililopata kukatwa vipande vidogo namna hii.

Na mwaka ule wa 1993 una jambo jingine katika nchi hizi, ambalo kulipita kimya ni dhuluma kwa wafu. Tarehe 20 Machi, katika soko la Ntoto, Walikale, watu walishambuliwa na kuuawa, na mauaji yakaenea Masisi kwa miezi, yakawapata watu wa kabila hili na lile, wakafa kwa maelfu. Lilikuwa soko: mahali ambapo watu wasiosikilizana kwa lolote jingine walikuwa wakisikilizana kwa bei. Baada ya hapo masoko mengi yaligawanyika, na msafiri alipaswa kujua, zaidi ya jinsi ya fedha, ni nani anayekwenda soko gani. Ng'ombe, ambao walikuwa benki ya kweli ya Masisi, waliporwa na kuchinjwa katika vita vya miaka hiyo na vya baadaye hata malisho yakabaki wazi. Na familia zilizokuwa zimeikimbia noti zikakimbilia ng'ombe zikafilisika mara ya pili.

Mwishoni mwa mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda duniani kwa ghafula, na mwaka 2002 mawe ya bati yakagunduliwa Bisie, ndani ya msitu wa Walikale. Kwa miaka kadhaa fedha ilimiminika mahali pasipo na barabara. Wapagazi wakarudi, kana kwamba karne haikupita: mtu mmoja na gunia la kilo 50 mgongoni, mwendo wa siku mbili katika matope na mizizi mpaka Njingala, na kutoka hapo kwa gari mpaka Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami kwa kukosa uwanja, zikachukua mawe kwenda Goma na kuleta bia, mchele, sabuni na betri. Frasila mbili za von Götzen zilikuwa zimezidi kuwa tatu. Kila kitu kilichoingia Bisie kilibebwa vivyo hivyo, basi bei ya huko ilikuwa maradufu kwa maradufu ya bei ya Goma, na mtu aliyechukua fedha ya juma moja kwa hesabu ya mjini aliimaliza siku ya pili. Mwezi wa Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Manyema mpaka Machi 2011, na kwa miezi ile vijiji ambavyo vilikuwa vimeacha kulima vikaona fedha ikikauka kama kisima. Leo mlimani pale pana kampuni kubwa ya Alphamin, iliyoanza kuuza bati yake mwaka 2019, yenye uzio na malori.

Njiani kuna wanaoila fedha ya msafiri kabla ya soko, nao hawakosi katika hesabu ya mtu mwenye busara. Watafiti waliohesabu vizuizi vya barabarani katika Kivu zote mbili mwaka 2017 walivikuta karibu 800: kamba iliyofungwa mti kwa mti, au fito la mwanzi juu ya mapipa, na kijana mwenye bunduki au asiye nayo, wa serikali au wa kundi fulani. Mwenye mhogo kichwani hulipa, mwenye pikipiki hulipa, aendaye hospitali hulipa. Baadhi hutoa tiketi, kipande cha karatasi kinachoitwa jetoni, ili kizuizi cha mbele kimwache aliyelipa. Na nyumbani hutozwa nyingine, ya kila mwezi, iliyopewa jina la lala salama, jina ambalo sijapata kulisikia bila ya kuona uchungu, maana anayeitoza ndiye anayekuzuia kulala. Kwenye vizuizi hivi baki hairudi. Aliyetoa 5000 penye bei ya 1000 ametoa 5000. Kwa hiyo fungu la kwanza la noti ndogo, lile la mfukoni, huwa ni la kamba, na hugawanywa kwa idadi ya kamba zinazojulikana, na kuongezwa kidogo kwa zile zilizofungwa usiku wa jana.

Wako wanaotumaini simu. M-Pesa iliingia Kongo mwaka 2012, na wenziwe wapo, na ni kweli kwamba mama wa Kitchanga huweza kupokea fedha ya mwanawe aliye Goma kwa kupanda mahali penye mtandao. Lakini wakala wa kijijini hutoa noti ikiwa noti ipo sandukuni mwake, na ikiwa haipo humwonyesha mtu tarakimu katika kioo na kumwambia asubiri siku ya soko.

Upungufu huo wa noti ulikuwa wa kijiji. Mwaka 2025 ukawa wa mji. Rubaya, mji wa koltani wa Masisi, ulikuwa umekwisha kutwaliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Aprili 2024. Goma ikaanguka Januari 2025, na mwezi wa Machi, kwa siku kadhaa, hata Walikale. Benki za Goma zilifungwa, na noti zilizokuwa mikononi mwa watu zikabaki ndizo hizo, zikizunguka pasipo mpya za kuzipokea mzigo. Mtu anayetoka Goma kwenda Masisi tangu hapo haulizi tena achukue kiasi gani mpaka ameuliza ni wapi pa kupatia, na noti ya 500 yenye pembe nne kamili imekuwa kitu cha kutunzwa.

Katika soko moja la milimani nilimtazama mama mzee aliyekuwa akinunua chumvi. Alifungua fundo la kitenge kiunoni kwa meno, kwa sababu mvua ilikuwa imelikaza, akatoa noti ya faranga 100, ile yenye ndovu, iliyolegea kama jani la boga lililochemshwa. Mkonga wa ndovu ulikuwa umekwisha kufutika, na pembe moja, na mahali pa mguu wa nyuma palikuwa na utepe. Aliinyoosha juu ya goti lake mara mbili, akaipuliza, akanyoosha mkono. Muuza chumvi, kijana wa kike aliyeweza kuwa mjukuu wake, hakuiinua mwangani wala hakuipindua. Alimtazama mama usoni, akasema, "Leta, Koko," akaitia chini ya kopo pamoja na nyingine, akaongeza kijiko cha chumvi juu ya kipimo.